Goti la Farasi wa Fintan

Basi la kutoka Kildare lilijaa, nami nikapata kiti kizuri kuliko vyote: nyuma ya Fintan Behan, mwenye farasi mmoja na maneno ya kumi. Jirani yake alikuwa mama asiyemjua, jambo ambalo kwetu halijawahi kumzuia mtu kuongea.

"Goti lilivimba kama kabichi," Fintan alisema. "Daktari akamtoa damu, akaizungusha kwenye mashine, akachukua maji yaliyojitenga na damu hiyo akamdunga humohumo gotini. Sasa anarukaruka. Jumapili namwingiza mbioni."

"Daktari karuhusu?"

"Kasema apumzike majuma mawili. Lakini mama, ile si dawa, ni damu yake mwenyewe. Nani hupumzishwa kwa damu yake?"

"Na goti pia ni lake," mama akajibu. "Langu walilidunga vivyo hivyo. Siku ya nne nikacheza harusini kwa mpwa wangu. Nilicheza, bwana, watu wakaacha kula."

"Si ndiyo nakwambia?"

Basi likasimama Naas. Mama akamshukuru dereva, kama tufanyavyo sote, akashuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye chuma. Fintan akamtazama mpaka ngazi ya mwisho.