Mama Mwadi, Kutoka Kodi ya Meza Mpaka Bunga ya Serikali

Tangu shaba ianze kuchimbwa Kolwezi, hakujazaliwa kijana wa kuandika kunishinda mi, Elisée. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, maana walimu waliona nikiendelea nitabapokonya kazi. Ndiyo sababu shefu wetu Badibanga, mwenye diplome tatu ukutani, amenipa mi heshima ya kumuaga Mama Mwadi Kabamba, anayepumzika kazi tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja katika huduma yetu ya masoko, hapa Manika.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kulipisha kodi ya meza, na aliijua! Alivua viatu ili visilie kwenye changarawe, wauzaji wakamsikia na kukimbia. Siku moja aliingia sokoni amelala ndani ya mkokoteni, amefunikwa mifuko ya makaa, akatokea katikati ya wauza samaki, mweusi kama shimo la mine, kitambaa cha kichwa hakijasogea hata kidogo. Walicheka mpaka machozi. Lakini walilipa.

Aliyemshinda ni mmoja tu: Mama Domitille, muuza bunga, yaani unga, wa meza ya kwanza mlangoni. Akimuona Mama Mwadi kwa mbali, alichukua kopo lake la kupimia, akaligonga juu ya ndoo: ko-ko-ko! Kufumba na kufumbua, soko lote limebaki tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Meza ile ndiyo ilitulisha na kututia shuleni sisi batoto wake. Ndiyo, Domitille ni mama yangu. Akili hizi mnazozisoma nilizitoa kwake.

Kisha bei ya kobalti ikaanguka. Depo za wanunuzi zikafunga moja baada ya nyingine, na mine nyuma yake. Sisi tuliokuwa tunachimba tukarudi na mifuko mikavu. Mtaa wa Kapata watu waliuza mabati ya jikoni, kisha wakauza milango. Serikali, ambayo tuliijua kwa kiganja chake tu, kimefunguliwa kinangoja, sasa ikashika kila kitu: ikaleta mabasi, ikapanga bei ya makaa, ikatuajiri sisi vijana katika huduma hii kuchimba mitaro, ile salongo ya kazi ya lazima bila malipo, sasa yenye mshahara. Mtaro wangu unashinda yote ya Lualaba, nendeni muone. Na Mama Mwadi, mkusanya kodi, akatumwa kugawa bunga ya bure.

Siku ya kwanza lori liliposimama mlangoni, mama yangu alipomuona nani ameketi mbele, alifanya alichozoea: ko-ko-ko! Wamama wenye njaa wakaikimbia bunga yao wenyewe. Wasiokimbia ni vijana wa mine, ambao hawajawahi kulipa kodi ya meza maishani. Walilizunguka lori, wakaanza kulitikisa. Dereva akawasha mota aondoke nalo. Polisi mmoja akashusha bunduki begani. Mi shujaa nilikuwa pale na beleshi yangu, nimeinama nyuma ya meza ya mama.

Mama Mwadi alivua koti la kazi, akatembea polepole mpaka kwenye meza ya mama.

"Mama Domitille, leo sikuye kukamata kodi. Ninaleta."

"Mukono yenye kuzobelea kukamata, leo inapana bunga bure?"

"Basi pima weye, na kopo yako. Mi nitashika mufuko. Nikikudanganya, unipige nayo ku kichwa."

Mama alitazama bunduki, akatazama vijana. Halafu akatazama meza yake.

"Na bunga yangu, Mama Mwadi? Nani atanunua kwangu kama yenu ni ya bure?"

"Ni mwezi moja tu. Mine zikifunguka, lori hairudi. Ninakuahidi."

Mama akapanda lorini. Akagonga kopo tena, safari hii taratibu, akiita wamama kwa majina. Wakarudi mmoja mmoja. Vijana aliowakaripia tangu wangali wanatembea uchi wakapanga mstari. Risasi haikutoka. Shefu Badibanga alifika mambo yamekwisha, akapigwa picha juu ya lori.

Tangu hapo Mama Mwadi alitaka kila soko lichague mpimaji wake, mwenye kopo lake. Hakuna lori letu lililovunjwa. Waliokuwa wakimkimbia sasa wanamwita Mama Kopo, na batoto wanamfuata njia nzima.

Asante, Mama Mwadi. Ulale mpaka jua likuchome mgongo, kuku wako wanone, na viatu uvivue kwa kupumzika tu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Mama Mwadi mwenyewe amenikamata mkono: "Andika na ile ingine." Basi. Ule mwezi mmoja haukuisha. Mine kadhaa zilifunguka, lori likaendelea kuja. Serikali ikishakaa kitini, mlango inausahau. Bunga ya mama iliota wadudu mezani. Alimuuliza Mama Mwadi, Mama Mwadi akamuuliza shefu, shefu akauliza juu, na huko juu hawakujibu. Mvua zilipoanza, mama alipanda gari la kwenda Kapanga, mbali kijijini, akaenda kulima kwa ndugu yake karibu na Musumba. Tulilisha Manika yote, na meza tuliyoahidi kuilinda ndiyo tuliyoiua. Kila asubuhi Mama Mwadi akifika mlangoni pale, na viatu vyake miguuni vinalia, anasimama kidogo. Hakuna anayegonga.