Uwanja wa Tatu Hauna Refa

Ukitaka kujua nani kaliharibu soka la vijana hapa Sudbury, usisumbuke kwenda ofisi ya ligi, njoo benchi la uwanja wa tatu Jumamosi asubuhi. Benchi lenyewe ni la mbao, limebanwa kati ya kibanda cha soseji na mwamba mweusi ambao hakuna mashine iliyowahi kuung'oa, na ukilikalia unaona magoli yote mawili pamoja na bomba refu la kiwanda cha nikeli. Wenye benchi ni wanne. Yuko Lorraine Chartrand, bibi wa golikipa, aliyeanza kuitwa Bi Kadi siku alipoonyeshwa kadi nyekundu akiwa mtazamaji tu na kiti chake cha kukunja. Yuko Profesa, yaani Eino Harju, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye mjukuu wake aliacha soka miaka mitatu iliyopita ila yeye hajaacha kuja. Yuko Donato Scarfone, fundi mabomba, anayeitwa Mchongo kwa kuwa machoni pake hata mvua ina mtu aliyeipanga. Na yuko Réjean Thibodeau, mchimba madini, wanayemwita Kipaza. Sababu ya jina hilo huambiwi, unaisikia mwenyewe ukiwa bado unaegesha gari. Lakini Jumamosi hii ya Septemba Kipaza alikuwa kimya, na kimya chake kilikuwa kinawakera wenzake kuliko kelele zake.

Bi Kadi alifungua chupa ya chai, akamimina kahawa kama kawaida yake: Profesa bila sukari, Mchongo sukari nne, Kipaza maziwa tele.

— Saa nne na dakika kumi, — alisema Profesa. — Mechi ilikuwa ianze saa nne kamili. Saa nne na nusu ikifika hatujaanza, imefutwa, na nafasi ya kwenda fainali za Toronto wanapewa wa kundi la pili. Hiyo ni kanuni, msinitolee macho mimi.

— Refa hayupo, — alisema Bi Kadi. — Kocha anapiga simu tangu Jumatano. Kila refa akisikia uwanja wa tatu, ghafla ana harusi.

— Harusi gani zote hizo kwa Jumamosi moja? — aliuliza Mchongo. — Huo ni mchongo. Marefa wapo. Wamefichwa.

— Wamefichwa wapi, wewe?

— Kusini, Bi Kadi! Toronto wanatubebea mmoja mmoja. Kijana akishajua tu kuotea ni nini, kesho yake ana jezi mpya na chumba cha hoteli. Sisi tunaachiwa watoto wa miaka kumi na minne, fulana inawafika magotini, filimbi wameivaa kama hirizi. Mwezi wa saba si tulipewa kona kwa mpira wa kurusha?

— Umenoa, — alisema Profesa, akatoa kalamu na kuanza kuandika kwenye ubavu wa kikombe chake cha karatasi. — Hii ni hesabu. Chukua marefa mia. Thelathini wana magoti mabovu, hao rika langu. Ishirini wamenyakuliwa na hoki ya barafuni, maana kule kuna paa, na kuna kioo kinene kati ya refa na wazazi. Waliobaki wamesoma kozi ya wikendi moja kwenye kompyuta. Wikendi moja! Mimi kumfundisha mtoto nusu na robo tu, ilinichukua mwaka.

— Kwa hiyo wamebaki wangapi?

— Hamsini.

— Basi hao hamsini wako wapi, mzee?

Profesa alikitazama kikombe.

— Hapo ndipo hesabu inapogoma.

Walicheka. Kipaza naye alicheka kidogo, ili asionekane kuwa hacheki. Kule uwanjani bintiye Maëlle, jezi ya manjano namba kumi na moja, alikuwa anaupiga mpira kwenye goli lisilo na mtu, anakwenda kuuchukua mwenyewe, anarudi, anaupiga tena. Miaka miwili mtoto huyu alikuwa anaiota Toronto. Tangu Jumamosi iliyopita hakuwa amemwambia baba yake neno, ukiacha kumwomba siagi mezani.

— Mimi nasema ni macho, — alisema Mchongo, ambaye akishindwa hoja moja hukamata nyingine. — Ule moshi wa bomba. Tumeuvuta tangu tunazaliwa, na unaanzia kwenye macho. Ndiyo maana hakuna refa wa mji huu anayeona kuotea.

— Moshi umepungua tangu nikiwa msichana, — alisema Bi Kadi. — Na marefa walikuwa wabovu vilevile.

— Umepungua kuonekana, Bi Kadi. Huo ndio mbaya zaidi.

— Hebu tusidanganyane, — alisema bibi, na sauti yake ikaacha utani. — Refa wa Jumamosi iliyopita hakuwa na macho mabovu. Nilikuwa nimekaa sambamba na lile tukio. Maëlle alikuwa ameotea. Tena hatua mbili.

Mchongo alikoroga kahawa ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Refa wa Jumamosi iliyopita alikuwa Aino Lehtonen, msichana wa miaka kumi na saba, mpole, aliyekuwa anachezesha vizuri kuliko watu wazima wengi. Dakika za mwisho Maëlle alifunga bao, Aino akalikataa, uwanja ukawaka. Kukawa na makelele ya kawaida, ya watu hamsini kwa pamoja, na halafu, kama inavyotokea, wote wakavuta pumzi kwa wakati mmoja, ikabaki sauti moja tu. Sauti hiyo ilikuwa ya Kipaza. Aino alisimama pale alipokuwa. Hakutoa kadi. Akaweka filimbi chini kwenye majani, akatembea hadi kwenye baiskeli yake, akaondoka, na mechi ikaishia hapo.

Alichokisema Kipaza kilikuwa hiki: “Kipofu mtoto wa kipofu! Baba yako angekuwa na macho, mwamba usingemkuta!”

Baba yake Aino, Veikko Lehtonen, alikufa mgodini Februari ya mwaka jana. Kipaza alikuwa zamu moja naye, na siku ya mazishi alishika jeneza upande wa kulia, mbele. Wiki nzima alikuwa anajiambia kwamba upepo ulikuwa mkali, kwamba watu hawakusikia vizuri, kwamba hasira ni hasira. Lakini wenzake watatu walikuwa wamekaa naye benchi hilihili, na kutoka siku ile hakuna hata mmoja aliyelitaja neno lenyewe mbele yake, na mtu mwenye akili zake anajua maana ya hilo. Aliona aibu. Na juu ya aibu kulikuwa na hofu, kubwa kuliko aibu: kwamba siku moja lingemfikia mjane.

— Kelele ni sehemu ya mchezo, — alisema Mchongo, kama anayemwekea rafiki yake mto wa kuegemea. — Wahenga walisema, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

— Basi ng'ombe kaacha maji, kahama na malisho, — alisema Bi Kadi. — Tumebaki vyura watupu tunaulizana ng'ombe kaenda wapi.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, — alisema Profesa. — Refa kijana lazima akomazwe. Mimi darasani nilikuwa nawakomaza.

— Methali hiyo ni ya mwana wako, Profesa! Hukuambiwa uwalize wana wa watu.

— Ngojeni niwape siri, — alisema Mchongo, akainama mbele na kushusha sauti. — Ligi imeshaagiza marefa wa mashine. Ziko kwenye ghala, zimefunikwa turubai. Wanatukosesha watu kwanza, tukichoka tutazipigia magoti wenyewe. Mashine haina goti, haina harusi.

— Na mtu akiitukana?

— Inamrekodi. Jioni sauti yake inarushwa redioni, na jina lake, na anapokaa.

— Acha upuuzi, — alisema Kipaza.

Alilisema kwa sauti ya chini kabisa. Wote watatu waligeuka kumtazama.

Wakati huo kocha alikuwa anakuja kwao haraka, simu mkononi. Kocha huyu, Ornella, ni mfanyakazi wa benki anayefundisha timu kwa kujitolea, na uso wake ulikuwa umekonda kwa wiki moja.

— Saa nne na ishirini na mbili, — alisema. — Wenzetu wamekubali. Mtu mzima yeyote ashike filimbi, makocha wote wawili tunatia sahihi, mechi inahesabika. Nani? Profesa?

— Mwanangu, magoti haya... Nikikimbia dakika tano mtaniita marehemu.

— Donato?

— Mimi? Nikitoa penalti watasema nimepangwa. Mimi mwenyewe ningesema nimepangwa.

— Bi Kadi?

— Ningeshika, kocha, haki ya Mungu ningeshika. Lakini ligi imenikataza kuvuka ule mstari mweupe hadi Krismasi. Barua yao iko jikoni kwangu, nimeibandika kwenye friji.

Ornella aligeukia mstari wa wazazi wengine waliokaa kwenye viti vyao vya kukunja. Mmoja alianza kufunga kamba za viatu. Mwingine akakumbuka kitu ndani ya gari. Watu hamsini waliokuwa wanajua kila kosa la refa, wiki baada ya wiki, leo hakuna aliyejua hata mpira ni wa duara. Hasira ilimpanda Kipaza, kisha ikamgeukia mwenyewe. Alisimama.

— Nitachezesha mimi.

Ornella hakumtazama moja kwa moja.

— Hapana, Réjean, — alisema, akaenda zake.

Kipaza alikaa. Bi Kadi alimwongezea kahawa bila kumuuliza.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke anakuja kutoka upande wa maegesho, koti la kijivu, mfuko wa karatasi mkononi. Alikuwa anatembea taratibu, anasoma namba za viwanja. Profesa ndiye aliyemtambua kwanza, akavua kofia.

— Kirsti. Karibu, mama Aino.

— Ahsanteni. Sijawahi kufika huku, — alisema Kirsti Lehtonen. — Aino alikuwa anakuja peke yake. Nimerudisha vitu vya ligi. Fulana, soksi, kadi mbili. Filimbi siioni. Nimpe nani?

— Tuachie sisi, tutampa kocha, — alisema Bi Kadi, akaupokea mfuko. — Mtoto hajambo?

— Hajambo, hajambo... — Kirsti alianza, akaacha. — Hapana. Sitaki kuwadanganya, hajambo ya wapi. Hajaenda shule wiki nzima. Hali chakula mpaka nisimame mlangoni. Nikimuuliza kumetokea nini, ananiambia, mama, ni kelele za uwanjani tu. Sasa mimi najua kelele za uwanjani. Mtoto wangu ametukanwa mara ngapi, anarudi nyumbani anacheka, ananiigizia sauti za wazazi mpaka nashika mbavu. Hizi ni kelele gani?

Mchongo alikuwa anatazama mwamba.

— Juzi aliniuliza swali moja tu, — aliendelea Kirsti. — Aliniuliza, mama, ile siku baba aliuona mwamba au hakuuona? Nikamwambia aliuona. Akaniambia, hivyo ndivyo walivyokwambia ili usilie. Mwaka mzima na nusu hajawahi kuniuliza habari hiyo. Kwa nini aniulize leo?

Alimgeukia Kipaza. Hakukuwa na shari usoni pake. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtu wa nyumbani.

— Réjean, nashukuru nimekukuta wewe. Wewe ulikuwa naye chini. Ulikuja mlangoni kwangu na vumbi lako, hujanawa hata uso, ukaniambia Veikko aliuona ule ufa kabla ya watu wote, akakusukuma, ndiyo sababu wewe umetoka. Nimelishika neno hilo kama dawa. Nimemwambia Aino kila usiku. Sasa kuna mtu kamwambia nini, mpaka halisadiki tena?

Ilikuwa kweli. Veikko aliuona ufa, akamsukuma Kipaza kifuani kwa mikono yote miwili, akamtupa nyuma kama gunia, na lile ndilo jambo la mwisho Veikko kulifanya duniani. Hakuna mtu katika mgodi ule aliyekuwa na macho kama yake. Kipaza alilijua hilo kuliko yeyote, alilijua hata Jumamosi iliyopita wakati anafungua kinywa.

Upande wa pili wa uwanja Ornella aliinua mikono yote miwili juu, akaipishanisha. Saa nne na nusu. Wasichana wa manjano na wasichana wa kijani walikaa chini kwenye majani, mmoja mmoja, pale pale walipokuwa. Maëlle alibaki amesimama, uso ameuelekeza kwenye benchi.

— Nyote mlikuwepo, — alisema Kirsti. — Nauliza tu. Alisemwa nini?

Profesa alikuwa amekishika kikombe chake chenye hesabu, hakunywa. Bi Kadi alikuwa analia bila sauti, mfuko wa karatasi mapajani. Mchongo alisogea mwisho kabisa wa benchi, na pengo likabaki wazi kando ya Kipaza.

Kirsti alidhani amepishwa akae. Akashukuru, akakaa hapo, bega kwa bega na Réjean, akakunja mikono mapajani.

— Sina haraka, — alimwambia. — Nieleze tu, taratibu. Kwako wewe nitasadiki.