Kishikio cha Mlango wa Mzee Mng'aro

Ndugu jamaa, majirani, na nyinyi wenye karakana mliowahi viti vya mbele, naomba mtulie. Historia hii nimeiandika mwenyewe, mimi mama wa marehemu, mwenye madarasa matatu tu ya shule, kwa sababu ile aliyoiandika shemeji yake ilisema marehemu alipendwa na wote, na uongo wa namna hiyo siwezi kuusoma mbele ya jeneza.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 3 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na mashine ya kusaga, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, akalia saa mbili mfululizo, na tangu siku hiyo hakuna aliyefaulu kumnyamazisha. Alianza shule Januari 1976, akamaliza darasa la saba mwaka 1982, hesabu zilimkubali, mwandiko ulikuwa kama kuku kapita, na mwalimu mkuu akaandika kwenye cheti kwamba kijana huyu anauliza mno, jambo ambalo mimi sikuliona kuwa kosa.

Tarehe 11 Aprili 1986 aliajiriwa katika karakana ya Mzee Mng'aro, yule pale mwenye miwani myeusi, wanakochovya vyuma kwenye kromu ili ving'ae, naye akawekwa kwenye tangi la kuondolea grisi, kwa kuwa chuma chenye mafuta hakishiki kromu. Grisi hiyo waliiondoa kwa dawa ya kwenye pipa, wenyewe wakiiita Tamu kwa sababu ya harufu yake, na ilipofika saa nane mchana mafundi walikuwa wakiyumba, vichwa vinawapasuka, tajiri anasema ni uvivu, wao wanasema wamezoea, watu wazima wenye ndevu wananawa mikono kwa sumu kisha wanakwenda kula. Mmoja wenu, nami namwona hapa, aliondolea doa koti lake la harusi kwa Tamu, akasimama mbele ya bibi harusi macho yamemlegea, watu wakadhani ni mapenzi.

Tarehe 9 Desemba 1994 marehemu alifunga ndoa na mkwe wangu huyu, fundi cherehani, mwenye subira ambayo mimi sikujaliwa, wakapata watoto watatu, mwaka 1996, 1999 na 2004, wote wabishi kama baba yao.

Mwaka 2012 mwenzake wa tangini alirudishwa nyumbani akiwa hamtambui mkewe, ndipo marehemu akaanza kuulizauliza kuhusu pipa lile, akajua kwamba maji ya moto na sabuni kali ya kuondolea grisi hufanya kazi ileile bila kumlevya mtu, akanichukulia sufuria yangu kubwa, ambayo sijaiona ikirudi jikoni hadi leo. Aprili 2014 alimwambia tajiri yake waijaribu, Mzee Mng'aro akacheka mbele ya wafanyakazi, akasema mzee mzima unataka kuogesha vyuma kama watoto wachanga, kromu ya sabuni haifiki Ijumaa, na tarehe 2 Mei akamfukuza.

Hapo ndipo alipoanza kazi yake ya kweli, miaka mitano ya kuzunguka kwa baiskeli na sufuria yangu katika karakana nane ndogo za mji huu, anawaoshea chuma bure, anakimwagia maji safi, anawaonyesha yakitandaa kama shuka basi chuma ni safi, yakifanya matone basi mafuta bado yapo. Nyinyi mliomfungia milango, mkamwita Profesa Sufuria, mkamwambia chuma kitapata kutu, naye akarudi siku ya pili kuwafundisha kukausha, nyinyi wanane mlibadilika mmoja mmoja, kila mmoja akidai wazo lilikuwa lake. Wa tisa, Mzee Mng'aro, hakubadilika, na kwenye tangi lake leo anasimama kitinda mimba wangu, dada yake marehemu, maana kazi nyingine hakupata, naye ameanza kuyumba saa nane mchana.

Marehemu aliugua ini kuanzia Agosti 2019, akalazwa mara nne, akafariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa tano asubuhi, katika wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.

Wiki moja kabla, aliniambia jambo akicheka hadi kikohozi kikamshika. Kile kishikio cha mlango wa ofisi ya Mzee Mng'aro, anachowaonyesha wateja akisema tazameni kazi ya Tamu, hakijawahi kuiona Tamu, mwanangu alikiosha kwa sabuni kwenye sufuria yangu Aprili ile ile, akakichanganya na vingine, na tajiri mwenyewe akakichagua kwa kuwa ndicho kilichong'aa kuliko vyote. Aliitunza siri hiyo akisema kikibanduka nitanyamaza mimi, kisipobanduka atanyamaza yeye. Miaka kumi na miezi tisa, Mzee Mng'aro, unakivuta kila asubuhi, hizo ni Ijumaa nyingi.

Tunawashukuru madaktari, hasa yule binti aliyemuuliza amefanya kazi gani badala ya kumuuliza anakunywa nini, tunawashukuru wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na mafundi waliomwogopa tajiri lakini wakaja.

Jeneza hili lina vishikio sita, vitano vya bati la dukani, cha sita, upande wa kichwa kushoto, nilikifungua jana kwa bisibisi kwenye mlango wa ofisi yako, Mzee Mng'aro, wewe ukiwa hapa unatoa pole. Nafasi hiyo ni yako, njoo ushike, na ukihisi kinabanduka, tuambie sote tusikie. Binti yangu haingii kwako Jumatatu mpaka pipa litoke, na mafundi wako wanne wameniambia vivyo hivyo.

Pumzika kwa amani, mwanangu, lile pipa niachie mimi.