Gari la Pasta si Kiatu

Mariette alipakata mfuko wake wa nyanya na kujifanya anatazama barabara ya Mbarara, kumbe masikio yote yalikuwa kwa Parfait, kijana wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale aliyeketi kando yake kwenye teksi akimlilia askari aitwaye Nasani, aliyekaa kiti cha mbele yao.

"Afande, nimeharibu gari ya pasta. Nilisugua na pedi ya manyoya ya kung'arishia, ile ngumu, sasa kuko alama za mizunguko mingi juu ya rangi."

"Kwa nini ulianza na ngumu?"

"Viatu vya kanisa tunasuguaka na brosi ngumu."

Mariette aliuma mdomo asicheke. Pasta wa watu!

Nasani, aliyezoea kung'arisha magari ya wakubwa kwenye kambi ya jeshi, akauliza, "Ukimwaga maji, hiyo mizunguko inapotea?"

"Inapoteaka. Ikikauka inarudi."

"Basi haijafika kwa rangi, iko kwenye vanishi ya juu tu. Chukua pedi ya sponji, ile laini, tia polishi, pitisha polepole. Itaisha."

Parfait alishusha pumzi ndefu hata kioo kikaingia ukungu. "Merci, afande! Lakini viatu vyetu vinang'aaka!"

"Gari si kiatu!"

Walikuwa bado wanabishana teksi iliposimama kituo cha Ruti. Parfait akanyoosha mkono kwenye mlango.

"Wewe, usiguse!" dereva akasema, akishuka mbio. "Nitakufungulia mimi."