Wembe Mmoja kwa Watu Kumi na Mmoja

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe hata na mtu mwenye hasira, kwa sababu leo nimepanda hapa na hasira na sitaki kuificha. Mchungaji amenipa dakika kumi. Nitajaribu.

Wengi mnanijua kama Mzee Barasa wa duka la kupiga chapa kule Wandegeya. Mnaniletea kadi zenu za harusi na kuniomba bei ya wokovu. Msilolijua ni kwamba nilikuwa beki. Beki wa kati, jezi namba tano, katika timu ya ligi kuu hapa hapa Kampala. Vita vya hapa Uganda vilipokwisha na njia ya mpakani Malaba kutulia, nilitoka Bungoma nikaja kufanya kibarua kwenye mtambo wa uchapaji, na jioni nilicheza mpira Kisugu na Wakenya wenzangu. Katibu wa ile timu kubwa akapita, akaniona nikiondoa kona kwa kichwa. Mwezi haukuisha, nikawa mchezaji wa kulipwa. Nilimwandikia mama barua kwamba Mungu amenikumbuka.

Basi nikafundishwa sheria mbili, na si kocha aliyezifundisha. Ya kwanza, mchezaji hapiti getini. Wapinzani wamezika kitu pale, kwa hiyo tunaruka ukuta au tunapenya kwenye tundu la uzio nyuma ya vyoo. Watu wazima, wenye wake na watoto, tulitambaa kwa matumbo na jezi safi, na mashabiki wakatupigia makofi. Sheria ya pili ilikuwa wembe.

Asubuhi ya mechi kubwa tulikusanyika nyumbani kwa katibu. Hapo alikaa mzee tuliyemwita Jjajja, yaani babu, ingawa kwenye karatasi za timu aliandikwa daktari. Tulijipanga kwa namba za jezi. Kipa kwanza, kisha mbili, tatu, nne, tano, mpaka kumi na moja. Kila mtu alichanjwa chale mbili juu ya kila kifundo cha mguu, akapakwa dawa nyeusi. Sisi mabeki wa kati tuliongezewa moja kwenye kipaji cha uso, kwa ajili ya mipira ya juu. Yangu hii hapa. Mnaoketi mbele mnaiona.

Wembe ulikuwa mmoja. Haukuoshwa, kwa sababu Jjajja alisema damu ni lazima ichanganyike ndipo timu iwe kitu kimoja.

Ndugu zangu, katika miaka ile! Miaka ambayo hapakupita wiki bila mazishi, na redio ikitaja Ukimwi asubuhi na jioni! Katibu alikuwa amesoma chuo kikuu. Alivaa tai. Jumapili aliongoza nyimbo kanisani kwake. Na alisimama pale akitazama saa yake, akituhimiza tusichelewe. Mpaka leo nikikumbuka ile tai napandwa na hasira.

Na mimi je? Mimi nilikuwa Mkristo wa kubatizwa. Nilinyoosha mguu.

Mbele yangu alisimama namba nne, Ramadhani, Mnubi wa Kibuli. Yeye alikaba, mimi niliruka, na washambuliaji wa mji huu walituchukia. Siku ya kwanza aliniona nasita, akacheka. "Barasa ndugu yangu, funga macho tu. Mbu anauma zaidi." Akachanjwa yeye, na wembe ukaja kwangu ukiwa bado umelowa damu yake. Tulifanya hivyo misimu mitatu.

Msimu wa nne Rama alianza kukonda. Alikohoa mazoezini, kisha akaacha kuja mazoezini. Nilimtembelea kwao, mama yake akinikaribisha kama mtoto wake, na kila nilipokwenda alikuwa amepungua kitandani. Tulimzika Kibuli. Palepale makaburini katibu akanishika bega. "Watu ya ile timu ndiyo wamemuroga," akaniambia. "Mechi inakuja. Tutawaonyesha."

Hakuna aliyetaja wembe. Hata mimi sikuutaja. Kichwani mwangu nilikuwa nahesabu tu: nne, tano. Nne, tano. Nikaanza kulala kwenye mkeka, nikamdanganya mke wangu kwamba mgongo unaniuma. Niliogopa kumuua na niliogopa kumwambia.

Siku ya mechi tulijipanga tena. Jezi namba nne ilikuwa imepewa beki mpya kutoka Jinja, mtu mcheshi, ametoka kuoa. Akanyoosha mguu. Ndugu zangu, sijui nguvu ilitoka wapi. Mimi si shujaa, mmeshasikia. Lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikaunyakua ule wembe kwa Jjajja na kumuuliza katibu mbele ya wote kilichomuua Rama.

"Wewe Mkenya, usituletea mambo hapa," akasema. "Rudisha wembe ya mzee, ssebo."

Nilikwenda chooni nikautupa shimoni. Kisha nikachukua begi langu, nikatembea mpaka uwanjani, nikapita getini.

Nasema nilipita, lakini hofu ilikuwa imenijaa. Nilitaja jina la Yesu kwa sauti, mlinzi akadhani namsalimia, akaniitikia. Hakuna kilichonipata. Lilikuwa geti tu, lina kutu, na bawaba moja imelegea. Misimu mitatu nilitambaa kwenye matope ya vyoo kwa kuogopa kitu kile. Hapo ndipo Bwana aliponifungua, na watu wote wakiniona.

Walinipanga kwa sababu hawakuwa na beki mwingine. Tulifungwa moja bila, kwa kona, na mfungaji alikuwa mtu niliyepaswa kumkaba mimi. Nilichelewa kuruka. Hakuna jini aliyenishika miguu, nilichelewa. Lakini mashabiki walikuwa wameniona getini. Jumatatu nikapewa barua kwamba nimevunja kinga ya timu, na baada ya hapo hakuna timu Kampala nzima iliyotaka beki aliyepita getini. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mpira wangu uliishia hapo.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu yote. Mama Naliaka yupo pale, atanisahihisha nikikosea. Akauliza, "Baba Naliaka, kwa hiyo mgongo hauumi?" Nikasema hauumi. "Basi vaa viatu, twende wote tukapimwe."

Majibu yalichukua wiki mbili. Sote wawili tulikuwa salama.

Najua mnataka kupiga makofi. Ngojeni. Nimewahi kushuhudia mahali pengine, na mtu akasimama kusema Mungu alinipenda mimi kuliko yule Mwislamu. Asiniambie mtu hivyo tena! Nilipopata majibu nilikwenda Kibuli kwa mama yake Rama, nikakaa kwenye kile kiti nilichokuwa nakikalia. Nilipomwambia kwamba niko salama, aliinua mikono, akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu. Mmoja amebaki." Mama aliyemzika mwanawe ananishukuria uhai wangu. Nililia mbele yake. Kwa nini mimi nilibaki, sijui. Namshukuru Mungu kila asubuhi, na kila asubuhi namuuliza.

Sasa nifike kwenye hasira ya leo. Jumamosi iliyopita timu yetu hii ya kanisa ilicheza, nami nilikwenda kutazama. Nikaona vijana wetu wanapitishwa kwenye tundu la uzio, mmoja mmoja, kwa namba za jezi. Aliyekuwa akiwahesabu ni mtu wa kanisa hili. Nilipomuuliza aliniambia ni tahadhari tu, na kwamba ameshaliombea lile tundu. Yupo humu ndani. Simtaji. Ameinama anatafuta Biblia yake chini ya kiti.

Sikumwona na wembe. Lakini hata sisi hatukuanzishwa na wembe. Tulianzishwa na tundu.

Ndugu zangu, aliyenitoa pale ni Bwana, na kama una kitu unachokizunguka kwa hofu, mwamini yeye leo, ukipite ukitetemeka hivyohivyo. Jumamosi hii tunacheza tena saa tisa. Mimi nitafika mapema nisimame getini. Kila kijana wa kanisa hili nitampa mkono, apite mbele yangu akiwa wima, na tukifungwa, tufungwe tukiwa wazima. Bwana apewe sifa zake, na Rama asisahauliwe. Amina.