Bi Mwanamize binti Jecha, Mama wa Kundi la Kitanda, Makangale

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 13 Septemba 1961, Bi Mwanamize binti Jecha alichemsha muhogo, akampakulia mumewe, kisha akamgombeza kwa kuuanza bila ya kusubiri kitoweo. "Weye Duni, huo muhogo una miguu? Utakukimbia?" Mzee Duni bin Silima alimega kipande kingine, akala. Ndivyo walivyoishi. Bi Mwanamize akakaa ukumbini kusuka ukili wake. Haumwi hata kichwa.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Makangale, mwaka 1906 kwa hesabu ya wazee wake. Skuli hakwenda. Alitiwa chuoni, akahitimu Msahafu kabla ya kaka zake, na kaka zake hawakupenda. Alilima mpunga na muhogo, na msimu wa karafuu alichuma. Aliolewa na Mzee Duni mwaka 1925, wakajaaliwa watoto watatu.

Mmoja wao, Mwanawema, alishikwa na uchungu wa kuzaa mwezi wa Februari 1957. Gari ya kwenda hospitali inaishia Konde. Kutoka hapa mpaka Konde, kwa njia ya msitu wa Ngezi, mgonjwa huchukuliwa juu ya kitanda, mabegani mwa watu. Siku ile walipatikana baba yake, mumewe na majirani wawili, hapana wa kuwapokea. Wakatua, wakanyanyua, wakatua. Mwanawema alifia msituni, na mtoto tumboni.

Bi Mwanamize alikaa matanga ya mwanawe, akatoka, akaanza kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Ndipo lilipoanza Kundi la Kitanda. Kazi yake ni kumchukua mgonjwa, wa nani asiulizwe, kuifyeka njia, kumtekea maji asiyejiweza. Bi Mwatum, shoga yake, ndiye wa kwanza kuingia. Vijana walikuwa wazito. Basi Bi Mwanamize akifika barzani, humvua kijana kofia kichwani akaondoka nayo.

"Bibi, kofia yangu!"

"Ifuate. Iko njia ya Konde, na panga lako liko hapo hapo."

Wengi waliingia kundini kwa kufuata kofia. Tangu hapo mtu hakufia tena njiani.

Kisha ikaja siasa ya vyama. Watu waliokuwa wakichukua kitanda kimoja wakaacha kuamkiana, hata kisima wakagawana. Bi Mwanamize aliwaendea wote kuwaita warudi. Wa huku walimwambia yeye wa kule, wa kule wakamwambia yeye wa huku.

Alkhamisi, baada ya sala ya alfajiri, tumbo lilimshika, likawa gumu kama ubao. Mzee Duni alikwenda barzani. Vijana walikuwapo, wa kutosha.

Mmoja wao, Msellem, alisema, "Ami Duni, sie tuko tayari. Lakini Nyange na wenzake wasiguse."

Nyange akaruka. "Asiguse nani? Bibi tutamchukua sie. Nyie kaeni na siasa yenu!"

"Wanangu," Mzee Duni alisema, "anakufa."

Wakaendelea: nani ashike mbele, nani apishe. Jua likapanda. Hapana aliyekataa. Na isemwe wazi hapa, mbele yenu nyote: hapana hata mmoja aliyekataa. Waligombana tu, mpaka Bi Mwatum na wanawake watatu, wote wenye wajukuu, walipojifunga kanga viunoni wakakitia kitanda begani. Roho ilitoka kabla ya kufika Konde, tarehe 14 Septemba, mwanzo wa Mfungo Saba.

Ijumaa jeneza lilipotoka, mabega yalijaa. Watu walisukumana kulipokea. Msellem mbele, Nyange nyuma yake, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe ni wa wapi. Thawabu ya kumchukua maiti mnaijua. Jana yake alikuwa hai, na uzito wake ulikuwa ule ule.

Hitma hii pia mmekuja. Wali upo, kuleni. Mzee Duni hamfukuzi mtu. Lakini leo mkono wa mtu wa barza ile hataupokea.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Jaribu na Mwanaasha, wajukuu, na Kundi la Kitanda, ambalo sasa lina wanawake wanne. Mola amsamehe, ampumzishe kwa amani, na ampe huko wepesi alionyimwa njiani.

Walipotua mara ya mwisho, ndani ya msitu, Mzee Duni alikuwa amemshika kichwa, na aliyasikia maneno ambayo marehemu alimwambia shoga yake. Ameomba yasomwe kama yalivyo:

"Mwatum, mkirudi wapitieni wale vijana. Msiwatukane. Waambieni kitanda kitakuwa uani kwangu, waje. Mkewe Msellem mwezi wake wa kuzaa ndio huu."