Nilitibiwa Nikiwa Bado Nakula Muthokoi

Bwana apewe sifa, kanisa! Nawasalimu nyote hapa Tawa.

Ndugu zangu, tumezoea ushuhuda wa mtu aliyebebwa akarudi akitembea. Mimi sikubebwa. Nilikuwa nauza nafaka sokoni kama kawaida, nakula, nalala.

Kaka yangu Kyalo alikufa kwa saratani ya koo, na ninyi mlimzika pamoja nasi. Baada ya mazishi daktari akatuomba sisi ndugu zake tuchunguzwe. Nilienda kwa heshima tu. Wakapitisha mpira mwembamba wenye kamera kwenye njia ya chakula, wakachukua kipande cha kupima. Majibu: saratani! Lakini ilikuwa changa, doa dogo tu. Daktari akasema inaweza kutolewa kwa mpira kama huo, bila kupasua kifua. Zamani ningetumwa Nairobi. Sasa madaktari waliofundishwa kazi hiyo wanafika huku kwetu.

Mjane wa Kyalo, Syombua, alikataa katakata.

"Usiiguse na chuma! Ikiguswa inaamka. Kyalo alipasuliwa, akarudi kwa sanduku."

Niliogopa. Nikaomba kwanza, kisha nikamwuliza, "Tulipompeleka Kyalo hospitali, alikuwa anakula nini?"

"Kula? Maji, tena kwa kijiko."

"Na mimi?"

"Wewe! Juzi si ulimaliza muthokoi yangu yote, mahindi na maharagwe, watoto wakalala na chai?"

Tukacheka. Halafu akaanza kulia. "Kumbe tulingoja sana," akasema. "Haya, twende. Lakini hauendi peke yako."

Haleluya! Nilipewa dawa ya usingizi, na nilipoamka doa lilikuwa limetolewa lote. Hakuna kovu la kuwaonyesha. Nimeambiwa nirudi kuangaliwa mara kwa mara, na nitarudi.

Ndugu zangu, sisi huanza kufunga na kuchanga mgonjwa akishashindwa kumeza. Mungu husikia hata wakati huo. Lakini kwangu alitangulia kufika, nami karibu nimfungie mlango kwa sababu sikuwa na maumivu.

Namshukuru, nawashukuru na madaktari waliomtumikia kwa mikono yao. Kama umezika mtu wa kwenu kwa ugonjwa huu, mtegemee Bwana, uende ukaangaliwe ungali na nguvu. Ukiogopa, mwone Syombua, yule pale nyuma mwenye leso ya kijani. Kesho anampeleka kifungua mimba wake. Ataenda na wewe pia.